Juma, Jumanne na Uenyeji wa Jina

Vitabu vya majina vinavyouzwa nje ya misikiti havina mengi ya kusema kuhusu Juma: ni jina la Kiarabu la mtoto wa kiume aliyezaliwa Ijumaa. Maelezo hayo mafupi yamezaa madai mawili yanayopingana. Wapo wanaolikataa jina hili kwa kuwa ni la kigeni, wakitaka watoto wetu waitwe majina ya Kiafrika. Wapo pia wanaoona kwamba halina uzito wa kidini, wakipendelea Abdallah au Abdulrahman. Pande zote mbili zinakubaliana kwamba Juma ni jina la wenyewe, sisi tumeazima tu. Makala hii inapinga msingi huo.

Asili ya neno lenyewe haina ubishi. Linatokana na jina la Kiarabu la siku ya mkusanyiko wa sala, na hadi leo Oman na nchi za Ghuba wapo akina Juma na akina Khamis. Ubishi uko kwenye kile Waswahili walichokifanya na neno hilo, na hapo shahidi mkuu ni Jumanne, jina la kiume linalofahamika sana Tanzania Bara. Profesa Jumanne Maghembe, aliyewahi kuwa waziri, ni mmoja wa walionalo. Kiarabu huiita siku hiyo ya tatu, maana huhesabu kuanzia Jumapili. Kiswahili huanza kuhesabu pale Ijumaa inapokwisha: Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ya pili, na Jumanne ya nne. Basi jina Jumanne halikushuka na jahazi lolote kutoka Maskati. Lilitungwa huku, kwa hesabu ya huku. Na msichana wa Ijumaa tukamwita Mwanajuma au Mwajuma, kwa kutanguliza neno letu *mwana*, kama tulivyofanya kwa Mwanahamisi na Mwanaidi.

Utunzi huo uliwezekana kwa sababu desturi ya kumwita mtoto kwa wakati au hali ya kuzaliwa kwake imeenea mno katika eneo hili. Kioko wa Wakamba ni wa asubuhi, Mutuku ni wa usiku. Otieno wa Wajaluo ni wa usiku, Ochieng ni wa jua kali. Mabula wa Wasukuma alikuja na mvua, na Chausiku wa Waswahili hahitaji maelezo. Juma alikuta nafasi yake imeshaandaliwa. Ndiyo maana jina hilo limevuka mipaka ya dini: magharibi mwa Kenya, alikotoka mwanazuoni Calestous Juma (1953–2017), familia za Kikristo nazo hulitumia.

Huenda mtu akauliza: mbona akina Juma wengi hawakuzaliwa Ijumaa? Wengi wamerithi jina la babu, na kurithisha jina ni desturi yetu vilevile. Lakini hata wale wa Ijumaa wanaweza kuhesabiwa vibaya. Mtoto akizaliwa Alhamisi saa tatu usiku, cheti chake kitaandikwa Alhamisi, kwa kuwa siku ya serikali hugeuka usiku wa manane. Kwa wazee wa pwani siku hugeuka jua linapotua. Usiku ule, ambao nyumba nyingi husoma Yasini, kwao tayari ni usiku wa Ijumaa, na mtoto ni Juma bila shaka yoyote. Mtafiti anayelinganisha vyeti na majina bila kulijua hili atatangaza kwamba jina limepoteza maana, ilhali kilichobadilika ni saa ya kuhesabia.

Mijini leo Juma ni jina la baba na babu zaidi kuliko la mtoto mchanga, ambaye huenda akaitwa Ayman au Rayyan. Sababu haielekei kuwa moja. Wazazi sasa hutafuta jina lenye maana ya sifa au ya ibada, si ya wakati. Tena sentensi za sarufi shuleni zimemtumia Juma mno hata akawa mtu yeyote tu. Mzazi ana haki ya kuchagua atakalo. Wanaotunga kamusi, hata hivyo, hawana haki ya kuendelea kuandika «Kiarabu» na kuishia hapo. Juma ni jina la Kiswahili kwa haki ileile ya Chausiku, na anayetaka kulibagua kwa ugeni aanze kwa kutuonyesha Jumanne alitoka wapi.