Bastola ya Babu na Mwaka Uliogongwa

Kwetu Lindi kulikuwa na hadithi ambayo hakuna aliyethubutu kuipinga. Tuliambiwa kwamba baba wa babu yangu alimpokonya afisa wa Kijerumani bastola katika mapigano ya Mahiwa, Oktoba 1917, na babu akairithi. Baada ya msiba wa babu, shangazi alifungua sanduku lake na kunita.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mali ya ukoo hiyo. Kaisimulie redioni."

Kwanza nilihakikisha haina risasi, kisha nikaifuta vumbi. Ilikuwa rivolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka, ya risasi sita, ambayo hufunguka kwa kuinamisha mtutu. Ubavuni, chini ya nyundo, pamegongwa taji, neno Enfield, Namba 2, alama ya nyota, na mwaka: 1942.

Hapo hadithi ya ukoo ikaanguka. Enfield kilikuwa kiwanda cha silaha cha serikali ya Uingereza, na bastola ya Namba 2 iliingia jeshini mwaka 1932. Ile nyota ni ya toleo la 1938, ambalo nyundo yake haina pembe ya kuvutia kwa kidole gumba. Mjerumani wa mwaka 1917 angeipata wapi?

Jibu lilikuwa chini ya sanduku lile lile, limefungwa kwenye leso: medali ya shaba yenye ncha sita, iliyoandikwa Burma. Kumbe babu mwenyewe alikuwa Keya! Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw katika mvua, tope na malaria, na mwezi Desemba ikaingia Kalewa, kando ya mto Chindwin. Vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland wamezikwa huko.

Sasa, askari wa kawaida alibeba bunduki. Bastola zilikuwa za maafisa na watu wa vifaru. Silaha ya Mfalme ikikutwa nyumbani kwa askari wa kawaida, hiyo ni kesi. Silaha ya adui ni sifa. Naamini babu aliitafutia bastola yake baba mwingine, na kwa kufanya hivyo akaifukia vita yake mwenyewe.

Shangazi alikaa kimya kitambo. "Kumbe alikwenda mbali hivyo, na sisi hatukumwuliza."

Kesho yake tuliipeleka bastola kituo cha polisi, maana silaha hairithiwi kama shamba. Ndugu msomaji, ukiachiwa kitu cha kale, soma kwanza maandishi yake, ndipo usikilize masimulizi. Na wazee walio hai, waulizeni leo.

Medali imetundikwa ukutani kwa shangazi. Wajukuu wakiuliza habari za Mahiwa, yeye huwaanzia Kalewa.