Manete ya zamani kwenye kompyuta: namna ya kuitumikisha bila kuharibu mashini

Kama PlayStation 2 yako ilikufa lakini manete zake zingali nzima, usizitupe. Zinaweza kutumika kwenye kompyuta ya leo, tena bila makuta mingi. Na mashini ya kubeba iko na faida moja kubwa kwetu: umeme ukikatika, betri inaendelea, wakati konsole na televizyo vinazimika pale pale na mechi inapotea.

Ila kuna njia ya kufuata. Mara nyingi mashini ni moja tu katika nyumba: watoto wanaisomea, wazazi wanaifanyia kazi. Kuchoma tundu lake juu ya mchezo ni hasara inayopita bei ya manete mpya.

Shida si fishi, ni lugha

Wengi wanafikiri inatosha kukata waya wa manete na kuunga fishi ya USB. Hapana. USB ilitolewa mwaka 1996, na konsole nyingi zilikuwa zimetangulia. Famicom ya Nintendo ilitoka Japani mwaka 1983, Super Famicom 1990, PlayStation ya kwanza Desemba 1994. Kila kampuni ilijitungia lugha yake.

Manete ya Famicom, kwa mfano, iko na butoni 8. Konsole inauliza, nayo inajibu butoni moja baada ya ingine, kwa mpango ule ule siku zote: A, B, Select, Start, juu, chini, kushoto, kulia. Ile ya Nintendo 64 inapitisha maulizo na majibu yote katika waya moja. PlayStation 1 na 2 zinapokea amri kwa waya moja na kujibu kwa ingine. Kompyuta haielewi hata moja kati ya hizo lugha. Kwa hiyo unahitaji adapta, na ndani yake kuna chipu ndogo inayofanya kazi ya mkalimani.

Manete gani, kifaa gani

*PlayStation 1 na 2.* Tafuta adapta ya PlayStation ya kuingiza kwenye USB. Fishi za hizi konsole mbili ni sawasawa, adapta moja inatosha. Nyingi zinabeba manete mbili, basi unaweza kucheza na ndugu yako.

*Famicom za kopi,* zile zenye michezo mingi ndani. Hapa angalia sana. Fishi yake mara nyingi iko na matundu 9, na inaweza kuingia katika lile tundu la pini 9 nyuma ya kompyuta za mezani za zamani. Usijaribu. Tundu hilo linaweza kutoa volti 12, na manete inataka 5. Hata adapta ya Mega Drive, ambayo fishi yake inafanana, haifai: nyaya za ndani zimepangwa kwa namna ingine.

*Xbox ya kwanza, ya mwaka 2001.* Hii inasema lugha ya USB tayari, fishi tu ndiyo tofauti. Waya wa kubadilisha fishi unatosha, lakini Windows itaomba programu ya kuiendesha.

*PlayStation 3.* Inaingia kwa waya wa mini-USB. Linux inaipokea, Windows inataka programu ya ziada.

*Xbox 360.* Yenye waya inafanya kazi mara moja kwenye Windows. Isiyo na waya inahitaji kipokezi chake, kwa sababu waya wake wa kuchaji unapitisha umeme tu.

*PlayStation 4.* Tumia micro-USB, ama Bluetooth: shikilia butoni ya Share na ya PS pamoja mpaka taa ianze kupepesa haraka.

Neno moja juu ya waya: zile za kuchajia telefone, nyingine hazipitishi habari. Manete ikiwaka taa lakini kompyuta haiioni, badilisha waya kwanza mbele ya kusema manete imekufa.

Jaribu mbele ya kulipa

Ukienda kununua adapta, beba mashini na manete yako. Kwenye Windows fanya hivi:

1. Ingiza adapta, kisha manete.
2. Bonyeza alama ya Windows na R pamoja, andika joy.cpl, halafu Enter.
3. Chagua jina la kifaa na ufungue mali zake.
4. Bonyeza butoni zote, moja moja. Kila moja inapaswa kuwasha alama yake.
5. Zungusha vijiti vyote viwili, kisha uviache. Alama irudi katikati.

Kijiti kikienda chenyewe, kimechakaa. Butoni ikikataa, pengine ni vumbi tu: fundi afungue visi, apanguse mpira na sahani yake kwa alkoli, aache ikauke vizuri.

Kompyuta inaiona, mchezo hauioni

Hii ndiyo shida inayosumbua wengi. Michezo mingi ya leo kwenye Windows inangojea manete ya namna ya Xbox, inayotumia mpango wa XInput. Adapta nyingi za bei ndogo zinatumia mpango wa zamani, DirectInput. Programu kama Steam au x360ce inaweza kutafsiri kati ya hizo mbili. PES 2013 iko na programu yake ndogo ya kupanga butoni, ifungue mbele ya kuanza mechi. RetroArch na PCSX2, zinazochezesha michezo ya konsole za zamani, zinakuacha upange kila butoni mwenyewe. Kumbuka kama PCSX2 inahitaji faili ya BIOS, na njia halali ni kuitoa katika konsole yako mwenyewe.

Inachelewa?

Kompyuta inauliza adapta za kawaida kila milisekunde 8 ivi. Picha moja ya mchezo wa picha 60 kwa sekunde inachukua karibu milisekunde 17. Kwa hiyo adapta nzuri haitakufungisha goli. Ukisikia uzito, angalia kwanza kama mashini haina nguvu ya kutosha, ama kama televizyo uliyoiunga imewekwa katika mpango wa kurembesha picha. Wengi wanatupa adapta nzima wakati kosa liko kwenye kioo.

Mwisho, manete ikipata joto ama kutoa harufu, itoe palepale. Manete nzima haipati joto.