Kuondoa mapipa ya sumu si mwisho wa usafi: Funzo la Vikuge kwa pwani ya Mtwara

UKANDA wa pwani ya Mtwara, kuanzia mjini hadi maingilio ya Mto Ruvuma mpakani na Msumbiji, huishi kwa samaki na kwa maji ya visima. Wakati huo huo zao kuu la mkoa huo, korosho, huhitaji viuatilifu kila msimu, hasa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa ulioripotiwa nchini mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo, hatima ya dawa iliyopitwa na muda ghalani, au ya pipa lililotelekezwa, ni suala linalomgusa kila mkazi.

Mfano unaojulikana zaidi nchini ni wa Vikuge, wilayani Kibaha, Mkoa wa Pwani. Mwaka 1986 shamba la serikali la Vikuge lilipokea kutoka Ugiriki msaada wa shehena kubwa ya viuatilifu, sehemu yake ikiwa imekwishapitwa na muda. Shehena hiyo iliwekwa katika banda la wazi ambalo baadaye lilianguka, na mvua ikaisambaza sumu ardhini.

Mabaki yaliyoonekana kwa macho yaliondolewa. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulibaini kwamba udongo wa juu katika baadhi ya sampuli ulikuwa na DDT na mabaki yake kufikia asilimia 28 ya uzito wake, yaani zaidi ya robo. Sumu ilikutwa pia katika kina cha sentimita 50, na katika maji ya kisima. Watafiti walihitimisha kwamba udongo uliobaki ulikuwa wenyewe taka hatarishi.

Sababu yake ni tabia ya kemikali za aina hiyo. DDT haiyeyuki kirahisi katika maji bali hung'ang'ania udongo kwa miaka mingi, kisha husafiri pamoja na tope na kujikusanya katika mafuta ya viumbe. Kiasi kidogo ndani ya mdudu wa matopeni huongezeka ndani ya samaki, na huongezeka tena kwa anayemla samaki huyo.

Jambo hilo lina uzito wa pekee Mtwara, ambako ardhi ya pwani ni ya kichanga na hupitisha maji haraka. Mikoko ya Ruvuma imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 katika eneo la kilomita za mraba 650 za nchi kavu na bahari.

Tatizo hilo si la Tanzania peke yake. Mwaka 2005, shehena za viuatilifu chakavu barani Afrika zilipokadiriwa kuzidi tani 50,000, ulizinduliwa mpango wa kimataifa wa kuziondoa, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuhusishwa.

Usafishaji unaokubalika huanza kwa kuorodhesha kila pipa na kutambua kilichomo. Wafanyakazi wenye mavazi ya kinga huhamishia kemikali katika mapipa mapya, kisha husafirishwa hadi kwenye tanuri la joto linalozidi nyuzi 1,000 za Selsiasi. Hatua inayosahaulika mara nyingi ni ya mwisho: kupima udongo na visima, na kurudia kupima.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imelipa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) jukumu la kusimamia utekelezaji, na tangu mwaka 2020 viuatilifu vina mamlaka yake maalumu. Mwananchi anayekuta pipa lisilojulikana hapaswi kulifungua, kulimwaga wala kulisuuza ili ahifadhie maji. Anapaswa kutoa taarifa kwa uongozi wa kijiji au ofisa kilimo. Pipa lililosuuzwa kisimani huwa limekwishaacha sumu yake pale pale panapochotwa maji ya kunywa.