Mantiki na Maneno Yake Katika Lugha Yetu

Aghalabu husikika ikisemwa kwamba mantiki ya vyuo vikuu ni elimu ya Kizungu, na kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuichukulia. Kauli hiyo yafaa kupimwa, kwani mantiki yenyewe ndiyo elimu ya kupima kauli. Katika makala haya twataka kuonyesha njia ambayo elimu hii ilipita, na yale iliyotuachia vinywani mwetu bila ya sisi kutambua.

Kwanza tueleze mantiki ni nini. Mtu akisema, "Kila jahazi ni chombo cha bahari, kila chombo cha bahari huhitaji nahodha, basi kila jahazi huhitaji nahodha," tunakubali. Akisema, "Kila jahazi ni chombo cha bahari, kila ngalawa ni chombo cha bahari, basi kila jahazi ni ngalawa," tunakataa, ingawa kauli zake mbili za kwanza ni za kweli. Kosa halimo katika habari za bahari, limo katika umbo la hoja. Kuyachunguza maumbo hayo, yapi yafaa na yapi hayafai, ndiyo kazi ya mantiki.

Aliyeanza kuyapanga maumbo hayo kwa utaratibu ni Aristotle, Myunani wa karne ya 4 kabla ya Kristo. Katika karne ya 9 vitabu vyake vilikuwa vikifasiriwa kwa Kiarabu huko Baghdad. Kisha akaja Ibn Sina, aliyeishi toka mwaka 980 hadi 1037, akaijenga upya elimu hiyo, hata wanafunzi wa baada yake wakawa wanamsoma yeye kuliko Aristotle.

Lakini je, ilikuwa halali kwa mwanafunzi wa dini kujifunza elimu ya Wayunani? Hapo pana ugomvi mkubwa unaotugusa, kwa kuwa Waislamu wengi wa pwani yetu hufuata madhehebu ya Shafii, na wakubwa wa madhehebu hayo walihitilafiana. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliifungulia kwa mantiki *Al-Mustasfa*, kitabu chake cha misingi ya sheria, akaona kwamba asiyeijua mantiki elimu yake haitegemewi. Ibn al-Salah, aliyefariki mwaka 1245, aliikataza. Al-Nawawi, ambaye *Minhaj* yake imesomwa sana katika pwani hii, naye hutajwa pamoja na waliokataza.

Aliyewapa wanafunzi hukumu ya kati alikuwa Mwafrika na kijana. Abd al-Rahman al-Akhdari wa Algeria alitunga *Al-Sullam* katika karne ya 16, akaifupisha mantiki nzima katika beti zisizofika 150. Alizitaja kauli za pande zote, akasema iliyo sahihi ni kuwaruhusu wenye akili timamu walioshika vema elimu ya dini. Mwishoni aliomba radhi kwa makosa yake, kwa kuwa alikuwa na umri wa miaka 21 tu. Shairi la mwanafunzi huyo likawa kitabu cha walimu kwa karne nyingi. Wala si ajabu kwetu sisi, tunaojua jinsi utenzi unavyotunza elimu katika kumbukumbu.

Katika chuo cha Al-Azhar, Misri, mantiki ilikuwa miongoni mwa masomo 11 ya mtihani wa wanavyuoni uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1872. Mwanafunzi aliyepita hatua ya mwanzo aliweza kuiendea *Al-Shamsiyya* ya Al-Katibi, kitabu cha karne ya 13, pamoja na sherehe zake. Humo alijifunza kwamba haitoshi kusema jambo ni kweli, bali lazima aseme ni kweli kwa namna gani. Mfano wao mashuhuri ni huu: kila mwandishi husogeza vidole kwa dharura, madhali anaandika. Lakini kalamu ikiwekwa chini, dharura hiyo huondoka. Mwezi nao hupatwa kwa dharura, lakini wakati ule tu ardhi inaposimama baina yake na jua.

Sasa tuyatazame maneno ya elimu hiyo. Kauli iliyo kweli au uongo iliitwa kadhia. Kitu kinachosemwa habari zake, maudhui. Hoja iliyopangwa, kiyasi, ambacho kwetu ni kiasi. Matokeo yake, natija. Namna za ukweli ziliitwa kwa maneno yaliyo ndugu wa dharura, daima na yumkini. Maneno hayo yametufikia kwa njia nyingi, za dini, biashara na mahakama, tena maana zake zimelegea: kadhia sasa ni jambo lolote, na dharura ni shida ya ghafla. Ni kisu kilichobaki nyumbani, bali makali yamepungua.

Tukiri pia kwamba elimu yenyewe haijakaa katika lugha yetu. Wanavyuoni wetu walioifikia waliisoma kwa Kiarabu. Tangu Mjerumani Gottlob Frege atoe kitabu chake mwaka 1879, mantiki imezidi kuandikwa kwa alama kama hesabu, na katika vyuo vikuu vyetu masomo mengi bado hufundishwa kwa Kiingereza. Lakini alama si mali ya taifa lolote, na mwalimu hana budi kuzieleza kwa maneno.

Basi kazi ya kwanza si kubuni maneno, bali ni kuyanoa tuliyo nayo. Mwanafunzi anayeandika "lazima" pale anapokusudia "daima" asahihishwe, maana jambo laweza kutokea kila siku bila ya kuwa na ulazima. Na akija na natija, aulizwe kadhia zake. Darasa linalouliza hivyo limekwisha kuingia katika mantiki, hata kama chuo kikuu kingali mbali.