Hazina ya Umma na Mtoto Aliye Tumboni



Iko habari moja ya Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) ambayo wengi wetu tumeisikia katika darsa za Ramadhani. Kwa kawaida husimuliwa ili tuone huruma ya Khalifa yule, na msimuliaji akaishia hapo. Leo naiomba kwa kazi nyingine.

Umar alipoweka daftari la posho kutoka Baytulmali, watoto nao aliwawekea fungu lao, lakini kwa sharti kwamba mtoto awe amekwisha kuachishwa ziwa. Usiku mmoja msafara wa wafanya biashara ulitua karibu na Madina, na Umar akatoka pamoja na Abdurrahman bin Auf kwenda kuulinda. Akasikia mtoto analia. Akamwendea mama yake, akamwambia amche Mungu na amtazame mwanawe. Mtoto akalia tena, na mara ya tatu Umar akamkaripia yule mama. Naye, asijue anasema na nani, akamjibu kuwa anamwachisha mtoto ziwa kwa nguvu, kwa kuwa Umar hampi posho mtoto anyonyaye. Inasimuliwa kwamba alfajiri ile watu hawakuweza kuufahamu usomaji wake katika Sala kwa kilio. Alipotoa salamu akaamrisha itangazwe kila mahali: msiwaharakishe watoto wenu kuacha ziwa, kila mtoto wa Kiislamu ana fungu lake tangu siku ya kuzaliwa.

Angalia basi, msomaji. Sharti dogo liliandikwa na karani katika daftari, wala halikutaja maziwa ya mama. Lakini lilifika mpaka kifuani kwake. Fedha ya serikali ndivyo ilivyo: ikitolewa inaingia nyumbani, na ikizuiliwa inaingia vile vile.

Nimeitanguliza habari hii kwa sababu nataka tuzungumze juu ya mgogoro wa nchi iliyo mbali nasi, Marekani, ambako kwa karibu miaka hamsini watu wa dini wameshindana, wala si juu ya halali na haramu ya kutoa mimba peke yake, bali juu ya swali jingine: je, hazina ya umma, iliyojazwa kwa kodi za wote, ilipe gharama ya jambo ambalo nusu ya walipa kodi wanaliona ni dhambi? Na kama hailipi, ni nani atakayeubeba mzigo? Mgogoro huo, kama tutakavyoona, ulivuka bahari ukafika kwetu.

Tarehe 22 Januari 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji 7 dhidi ya 2, iliamua katika kesi ya Roe v. Wade kwamba katiba ya nchi inamlinda mwanamke anayetaka kutoa mimba katika miezi ya mwanzo. Miaka minane kabla ya hapo, mwaka 1965, serikali ilikuwa imeanzisha mpango uitwao Medicaid, wa kulipia matibabu ya maskini, serikali kuu ikitoa sehemu na kila jimbo likitoa sehemu. Basi ilipohalalishwa kisheria, Medicaid ikaanza kulipia na hilo, kama inavyolipia tiba nyingine. Haukupita muda mrefu, hesabu ikafika karibu laki tatu kwa mwaka.

Mwaka 1976 mbunge mmoja mgeni kutoka Illinois, Henry Hyde, Mkatoliki, aliongeza kifungu kifupi katika muswada wa matumizi ya wizara za kazi na afya: fedha za serikali kuu zisilipie kutoa mimba, isipokuwa pale uhai wa mama ulipo hatarini. Hakuficha nia yake. Mwaka uliofuata aliwaeleza wabunge wenzake kuwa lau angeweza kisheria angewazuia wanawake wote, tajiri, wa kati na maskini, lakini chombo pekee kilichokuwa mkononi mwake ni muswada wa Medicaid. Mtu hana budi kuukubali ukweli wake, lakini maneno hayo yamebeba uzito wake wenyewe: aliyeweza kufikiwa ni maskini, basi akafikiwa yeye.

Kifungu hicho si sheria ya kudumu. Kila mwaka bunge hukifunga upya pamoja na bajeti, na kila mara hupigwa vita juu ya maneno yake. Mwaka 1977 waliongezwa waliobakwa na waliozini na maharimu. Mwaka 1981 wakaondolewa. Mwaka 1993 wakarudishwa. Mtu anayefikiri kuwa dhamira ya taifa ni jiwe lisilotikisika na aangalie tarehe hizo tatu.

Wapinzani walikwenda mahakamani siku zile zile. Kesi ilisikilizwa Brooklyn mbele ya Jaji John Dooling, naye pia Mkatoliki. Upande mmoja alisimama mwanamke mwenye mimba aliyetegemea Medicaid, pamoja na akina mama wa kanisa la United Methodist, na upande wa pili serikali. Dooling alifanya jambo ambalo majaji hulifanya kwa nadra: alikaa akasikiliza dini zinasema nini, dini baada ya dini.

Na alichosikia kinafaa tukijue na sisi, kwani watu wetu hudhani kuwa Wakristo na Mayahudi wana neno moja. Maaskofu wa Kikatoliki walikuwa wametoa mpango mkubwa mwezi Novemba 1975 wa kuitetea mimba tangu siku yake ya kwanza. Lakini katika karne za kati wanavyuoni wa kanisa hilo hilo, Thomas Aquinas mmoja wao, walifuata kauli ya Aristotle kuwa roho ya binadamu haiingii mara moja bali baada ya siku kadhaa. Na ni mwaka 1869 tu Papa Pius wa Tisa alipoifuta tofauti hiyo katika adhabu za kanisa. Wabaptisti wa Kusini, ambao leo ni wakali katika jambo hili, mwaka 1971 walipitisha azimio la kuruhusu mimba itolewe kwa sababu ya kubakwa, ya kilema kikubwa cha mtoto, na hata ya madhara kwa afya ya akili ya mama. Wakageuka wazi wazi mwaka 1980. Mayahudi nao wana neno katika Mishna kwamba mama akishindwa kuzaa, uhai wake unatangulia uhai wa mtoto mpaka sehemu kubwa ya mwili wa mtoto itoke.

Januari 1980 Dooling akahukumu kuwa kifungu cha Hyde ni kinyume cha katiba. Lakini tarehe 30 Juni 1980, katika kesi ya Harris v. McRae, Mahakama ya Juu ikamtangua kwa majaji 5 dhidi ya 4. Hoja yao ilikuwa kwamba serikali haikumwekea mwanamke kizuizi. Kizuizi ni umaskini wake, na umaskini haukuumbwa na serikali. Ama kuhusu dini, walisema kuwa sheria haibatiliki kwa sababu tu imeafikiana na mafundisho ya kanisa fulani. Dini zinakataza wizi, na hilo haliizuii serikali kukataza wizi.

Mmoja wa wale wanne waliokataa alikuwa Thurgood Marshall, jaji wa kwanza mweusi katika mahakama ile. Nchi yetu ina deni la kumkumbuka, kwa kuwa mwaka 1960 alikuwa London katika mkutano wa Lancaster House, mshauri wa wajumbe wa Kiafrika wa Kenya, akiwaandikia rasimu ya haki za raia. Marshall aliandika kuwa mwenye nazo atafika kwa daktari bila ya kuuliza bunge, na asiye nazo ataachiwa mikono ya wasiojua kazi. Hakuwa akibuni. Mwezi Oktoba 1977, miezi michache tu baada ya kifungu kuanza kufanya kazi, mama mmoja kijana huko Texas, mwenye kadi yake ya Medicaid, alikufa kwa kutoa mimba kwa mtu asiye daktari. Aliacha mtoto.

Hapa msomaji ataniuliza: na sisi je? Mimi si mufti, wala ukurasa huu haujawa barza ya fatwa. Nasimulia yaliyomo vitabuni.

Qur'ani Tukufu, katika Surat Bani Israil aya ya 31, inakataza kuua watoto kwa kuogopa ufukara, na inaahidi riziki yao na ya wazazi wao. Katika Surat Al-Muuminun imetajwa safari ya mtoto tumboni, daraja baada ya daraja, mpaka anapofanywa kiumbe kingine. Na katika hadithi ya Ibn Mas'ud (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, siku hizo zimehesabiwa arubaini mara tatu, ndipo Malaika anapopuliza roho. Baada ya siku 120 wanavyuoni hawakutofautiana kuwa ni haramu, ila pale mama atakapokufa. Kabla ya hapo ndipo walipotofautiana. Wamaliki walizuia tangu manii yanapotua katika kizazi. Wengi wa Mahanafi walilegeza, wengine kwa udhuru tu. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipambanua baina ya kumwaga nje na kuharibu kilichokwisha kutua, akasema kosa linaanza hapo na linakua kwa kadiri mtoto anavyokua. Na katika madhehebu yetu ya Shafi, wale mabwana wawili ambao vitabu vyao vimesomeshwa sana pwani hii, Ibn Hajar na Ramli, hawakuwa na neno moja: wa kwanza aliegemea kuzuia, wa pili alikuwa mlaini zaidi kwa siku za kabla ya roho.

Lakini nilichotaka kukuonyesha ni kwamba fedha haikuwa ngeni kwa mafakihi hao. Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1836, alinukuu mfano wa udhuru: mama ananyonyesha, akapata mimba nyingine, maziwa yakakatika, na baba hana fedha ya kumwajiri mnyonyeshaji, na inaogopwa kuwa mtoto aliye kifuani atakufa. Huyo si mwanamke wa anasa. Ni yule yule wa kwenye msafara wa Madina, isipokuwa Umar hakupita usiku ule.

Na mtoto wa tumboni ana thamani yake katika sheria. Wanawake wawili wa Hudhail walipigana, mmoja akampiga mwenzake kwa jiwe, mimba ikaporomoka. Mtume (s.a.w.) akahukumu ilipwe ghurra, ambayo mafakihi waliikadiria kuwa sehemu moja katika ishirini ya diya kamili, yaani ngamia watano. Mtu mmoja katika jamaa wa mkosaji akapinga kwa maneno ya vina: vipi alipiwe ambaye hakula, hakunywa wala hakulia? Mtume (s.a.w.) hakuipokea hoja yake, na aliyafananisha maneno yale na ya makuhani. Jamaa wakalipa.

Katika dola za Waislamu za zama zetu hakuna njia moja. Tunisia ilifungua mlango mwaka 1965 kwa mama mwenye watoto watano, na mwaka 1973 kwa kila mwanamke katika miezi mitatu ya mwanzo, tena katika hospitali za serikali. Huko Makka, mwaka 1990, Baraza la Fikihi la Rabita liliruhusu kabla ya siku 120 pale tu kamati ya madaktari wa kuaminika itakapothibitisha kilema kikubwa kisicho na tiba.

Sasa turudi baharini. Mwaka 1984, katika mkutano wa idadi ya watu uliofanyika Mexico City, serikali ya Rais Reagan ilitangaza kuwa chama chochote cha nchi za nje kitakachotoa mimba, au hata kumshauri mwanamke juu yake, hakitapata msaada wa uzazi wa mpango, ijapokuwa kazi hiyo kitaifanya kwa fedha zake chenyewe. Tangu hapo sharti hilo limekuwa kama mlango wa upepo: Clinton aliliondoa mwaka 1993, Bush akalirudisha 2001, Obama akaliondoa 2009, Trump akalirudisha 2017 na kulitandaza juu ya karibu misaada yote ya afya, Biden akaliondoa 2021, na Trump akalirudisha tena Januari 2025.

Mwaka 2001 chama cha uzazi wa mpango cha Kenya kilikataa kutia sahihi. Kikapoteza fedha, na baadhi ya zahanati zake zikafungwa. Waliokwenda katika zahanati zile walikuwa zaidi ni kina mama wa mitaa ya kimaskini: huyu kupimwa mimba, huyu kumchanja mtoto. Sikubaliani na kila jambo la vyama hivyo, na najua wasomaji wengi hawakubaliani nalo hata moja. Lakini mtoto aliyekosa chanjo hakuwa ametoa mimba ya mtu.

Mwezi Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani iliitangua hukumu ya 1973 na kuyarudishia majimbo kauli. Kifungu cha Hyde kimebaki vile vile, kikifungwa mwaka kwa mwaka. Hata hivyo liko jambo moja ambalo magazeti hayalitaji sana. Katika miaka ya 1980, wakati ugomvi ukiwa moto, wabunge wa pande zote mbili walipitisha pamoja sheria za kupanua Medicaid kwa wajawazito na watoto wachanga, na siku hizi mpango huo hulipia karibu mazazi manne katika kila kumi nchini humo. Isipokuwa kwa miaka mingi msaada ule wa mama mjamzito ulikoma siku 60 baada ya kujifungua, na waliokosa njia nyingine walibaki bila kitu mtoto akiwa bado ananyonya. Mwaka 2021 sheria iliyaruhusu majimbo kuuendeleza mpaka miezi 12, na majimbo mengi yamekwisha kufanya hivyo.