Uvimbe wa Lukemia Titini

Mwanamke wa Mjimwema, pale Songea, akigusa kivimbe titini, neno linalomjia ni kansa ya titi. Hofu hiyo ina msingi. Ila upo uvimbe wa nadra sana unaoota titini ilhali asili yake ni damu. Seli changa, ambazo zilitakiwa zikomae ndani ya uboho wa mifupa, hutoka kabla ya wakati, zikajikusanya kwenye nyama ya titi na kufanya donge, aghalabu lisilouma. Wataalamu huliita sarkoma ya mieloidi. Mgonjwa akipewa jina hilo peke yake, hana la kueleza akifika nyumbani.

Ugonjwa huu umebadilishwa majina mara kadhaa. Mwaka 1811 daktari Allan Burns wa Scotland aliandika habari za uvimbe wa kijani, na mwaka 1853 ukaitwa kloroma, kwa neno la Kigiriki lenye maana ya rangi hiyo. Ukijani unatokana na kimeng'enya cha mieloperoksidesi kilichojaa ndani ya seli hizo. Donge likikatwa rangi huonekana, likikaa hewani hufifia, na mengine hayana ukijani hata kidogo. Mwaka 1966 mwanapatholojia Rappaport akaleta jina la sarkoma ya granulositi, na baadaye Shirika la Afya Duniani likashika sarkoma ya mieloidi.

Kwetu Afrika Mashariki habari hizi si ngeni. Mwaka 1965 madaktari J.N.P. Davies na Raphael Owor waliandika kuhusu kloroma kwa watoto wa Uganda. Miaka miwili baadaye, madaktari Shepherd na Wright wa Kampala wakaeleza uvimbe wa Burkitt ulioanza kwa kujaza matiti yote mawili ya wanawake walio katika umri wa kuzaa. Burkitt ni limfoma, ni ugonjwa mwingine, lakini nao hutokana na seli nyeupe na hutibiwa kwa dawa za mwili mzima.

Sasa tuuiteje kwa Kiswahili? "Sarkoma ya titi" inapotosha, kwa sababu sarkoma tunayoizoea ni saratani ya misuli, mafuta au mifupa, na tiba yake kubwa ni kisu. "Uvimbe wa kijani" ni jina zuri kulitamka, ila linasifu rangi ambayo huenda isiwepo. Mimi nasema tuuite uvimbe wa lukemia, yaani wa saratani ya damu, na faili la hospitali libaki na sarkoma ya mieloidi. Mtu anaweza kupinga akisema kwamba wapo wanaopata donge miezi mingi kabla lukemia haijaonekana kwenye damu. Ni kweli, lakini bila tiba wengi wao huishia kupata lukemia kali ya mieloidi, na ndiyo sababu hutibiwa kama wagonjwa wa lukemia hiyo tangu mwanzo, kwa dripu za dawa kama sitarabini.

Jina likikosewa, kinachofuata ni kibaya. Chini ya hadubini seli hizi hufanana na za limfoma, na wakati mwingine na za kansa ya titi yenyewe, mpaka kinyama kilichokatwa kwenye donge kipakwe rangi maalumu ya kutafuta mieloperoksidesi. Asiyeifikiria damu haombi kipimo hicho. Titi linaweza kuondolewa lote, na ugonjwa ukabaki kwenye uboho.

"Nesi, watanikata titi?" mama atauliza.

"Subiri kwanza, mama. Tupime damu, na kinyama kiende maabara. Huenda ugonjwa umetoka kwenye damu."

Jibu hilo linaweza kutolewa na muuguzi wa kituo cha afya bila mashine yoyote kubwa. Kutoka hapo rufaa huenda Homso, hospitali ya mkoa, na ikibidi Muhimbili au Ocean Road, safari ya zaidi ya kilomita 900 hadi Dar es Salaam. Anayekwenda mbali hivyo anastahili kujua anachokwenda kutibiwa.

Ukiona kivimbe titini, usingoje mpaka kianze kuuma. Nenda kituoni, na kama una homa zisizoisha, fizi zinazotoka damu au uchovu usioelezeka, vitaje vyote hata kama hujaulizwa. Kabla hujakubali kukatwa titi, omba usomewe majibu ya kinyama na ya picha nzima ya damu.