Sinema Bubu Iliyokuwa na Sauti

Tukisema "sinema bubu" tunawaza ukumbi uliotulia, watu wanaangalia midomo ikicheza bila neno kusikika. Kwa kweli ukimya huo haukuwepo sana. Septemba 1919, mjini Manila, José Nepomuceno alionyesha "Dalagang Bukid", filamu ndefu ya kwanza kutengenezwa na Mfilipino. Hadithi yake haikuwa ngeni. Ilitoka kwenye mchezo wa jukwaani wa Hermogenes Ilagan, mchezo wa nyimbo na mazungumzo unaoitwa sarswela. Nyota wake, Atang de la Rama, alikuwa jukwaani kabla ya kuwa kwenye picha, na filamu ilipoonyeshwa aliimba mwenyewe, papo hapo, huku wapiga muziki wakimsindikiza. Mtazamaji alienda kuangalia kitu kipya, lakini akakuta sauti anayoijua.

Huku kwetu mambo yalianza vingine. Zanzibar ilikuwa na jumba la Royal tangu 1921, ila picha zake zilitoka nje. Jaribio kubwa la kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika lilikuja 1935, pale Vugiri, milima ya Usambara. Wazungu wawili, Notcutt na Latham, walisimamia mradi uliopata fedha za Carnegie kutoka Marekani. Hadi 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35 hivi. Picha zilipigwa bila sauti, halafu maelezo yakarekodiwa kwenye santuri kwa Kiswahili na lugha nyingine. Lori lenye mashine lilizunguka Tanganyika na nchi jirani, na watu wakakusanyika usiku uwanjani.

Waliona nini? Minyoo, malaria ya watoto, ngozi, kodi. Filamu moja ilihusu benki ya posta: jamaa mmoja anafukia hela zake ardhini, zinaibwa, na mwenzake aliyeweka posta anabaki salama. Waigizaji walikuwa Waafrika, lugha ilikuwa yetu, lakini neno la mwisho lilikuwa la serikali. Manila sinema ilizaliwa jukwaani. Vugiri ilizaliwa ofisini.

Mtu anaweza kujibu kwamba hatukuwa na jukwaa la kuazima. Kwa sisi wa Kagera jibu hilo halipiti. Profesa Mulokozi ameandika kwa kina kuhusu watribaji wa nanga wa Buhaya: mtu mmoja amekaa na ala yake ya nyuzi, anasimulia utenzi mrefu, na ndani ya koo moja wamo mfalme, shujaa, mke na adui. Hilo ni jukwaa, tena lenye watazamaji wanaojua hadithi na bado wanataka kuisikia. Kilichokosekana ni mtu wa kumwekea kamera mbele na kumwachia aamue kisa kinaishaje.

Ndiyo maana naona kibanda umiza kinastahili ukurasa kwenye historia hii. Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kama Lufufu, alijipatia jina kwa kutafsiri muvi za Kihindi, Kichina na Kimarekani kwa Kiswahili. Hakutafsiri tu. Aliongeza, alitania, aliwapa watu wa Hong Kong maneno ya mtaani kwetu. Kwa nje anafanana na ile santuri ya Vugiri, maana wote wanaongea juu ya picha. Tofauti ni kwamba santuri ilisema ilichoagizwa, na Lufufu alisema alichoona kinafaa.

Wasomi wa filamu wakihesabu mwanzo wa sinema yetu huhesabu kamera: nani aliileta, mwaka gani. Ningependa tuhesabu na sauti pia. Kwa hesabu hiyo tumeanza zamani sana, kabla ya lori lolote kufika, kwa mtu aliyekaa gizani na nanga yake, kijiji kizima kikiona kwa masikio.